Mwalimu wa Mchakamchaka na Miwani ya Kurithi

Ukiwa Tunduma, kwenye foleni ya benki au ya ofisi yoyote, ukamwona mtu mzima mwenye kitambi na funguo za gari mkononi amesimama mguu mmoja, ametulia kabisa, usimwite kichaa. Huyo amesoma shule yetu ya msingi hapa Chapwa. Amepita kwa Mwalimu wa Mchakamchaka, na mguu wa pili umejinyanyua wenyewe.

Jina lake analo, na kwenye vyeti limeandikwa, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Alifundisha pia jiografia, ila matokeo yetu ya jiografia tuyaache yapumzike. Kazi aliyoijua ni kutukimbiza. Kabla ya kengele ya asubuhi shule nzima ilikuwa barabarani, tunaimba na kutimua vumbi, yeye mbele na kaptura yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Aliyechelewa mchakamchaka hakuchapwa papo hapo. Kwanza alisimama mguu mmoja chini ya bendera, macho amefumba, mpaka Mwalimu ahesabu hamsini. Ukiyumba ukashusha mguu, ndipo fimbo ilipofika. Ukivuka hamsini, unakwenda zako darasani.

Mimi nilikuwa mchelewaji wa kudumu. Matokeo yake, kufikia darasa la tano hapakuwa na mtoto wa kunishinda kusimama mguu mmoja, na wale waliowahi kila siku walikuwa wanayumba tu. Mwalimu alinisifu mbele ya paredi. Wazazi wangu hawakuelewa nimesifiwa kwa lipi, na mimi sikuwaeleza.

"Mwili unasimama kwa wazee watatu wa baraza," alikuwa anatuambia, akipita kati yetu na fimbo. "Macho, masikio kwa ndani, na nyayo. Mmoja akisinzia, wawili wanaendesha kikao. Ndiyo maana nawafumbisha macho. Nataka nyayo zenu zijifunze kusema." Sisi tulikuwa watoto wa miaka kumi, tulidhani anatutesa tu. Na kwa kweli alikuwa anatutesa pia.

Alipostaafu, mwili wake haukupata barua. Kila alfajiri alitoka na raba zake akafuata mstari wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akafika karibu na geti, akageuka. Madereva wa Zambia waliokuwa wanapika chai kando ya magurudumu walimpigia kelele, "Mwashibukeni, Mwalimu!" naye akawajibu Kibemba chake chenye lafudhi nzito ya Kinyiha, wakacheka, akacheka. Vijana wa bodaboda walimsumbua kila siku, "Mzee panda, tukufikishe." Aliwajibu kwamba miguu yake haijawahi kukwama kwa kukosa mafuta. Na Alhamisi hakugeuka getini. Alivuka kwa miguu mpaka Nakonde kumwona kaka yake aliyeoa huko, akarudi jioni kwa miguu vilevile, na fungu la kapenta, dagaa wa kule, kwenye gazeti.

Nataka nikubali kwamba hakuwa mtu rahisi. Huyu mtu aliyetuhubiria afya alitia sukari vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, na ukimwangalia alikoroga huku amegeukia ukutani. Alitembea na fimbo miaka thelathini kwa ajili ya migongo yetu, lakini mwanawe mkubwa alipomletea mkongojo mzuri wa mti wa mpingo, akautupa juu ya kabati. "Fimbo ni ya wanafunzi," alisema. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mwenye heshima zake. Mchungaji akianza yale maombi yake marefu, sote tunafumba macho, isipokuwa mimi. Ndiyo maana nilimwona. Amesimama mstari wa nyuma, mikono ameikunja, uso umejaa utakatifu, na mguu mmoja uko juu. Mchungaji alimtolea mfano mara nyingi kwamba huyu mzee hachoki kuomba.

Sasa macho. Loo, macho yale. Kila mtu wa Chapwa alijua kwamba Mwalimu ana mtoto wa jicho isipokuwa Mwalimu. Ukungu ulikuwa umetanda kwenye jicho la kulia mpaka ukiwa mbele yake unauona. Yeye alisema taa za siku hizi hafifu, na watu wa siku hizi hawana adabu, hawasalimii.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kando ya barabara, kinatazamana na mtaro mkubwa, na nje nimesimamisha mdoli wa kuvalisha nguo, nimeuvika gauni la kitenge na kilemba. Asubuhi moja Mwalimu akasimama mbele ya mdoli ule. Akasubiri. Kimya. Akakohoa. Kimya.

"Binti," akasema kwa ukali, "kwenu mnaamka tu bila kuamkia wakubwa?"

Jamani, ningefanya nini? Ningemwambia mtu aliyenifundisha kusimama kwamba anagombana na plastiki? Nikajificha nyuma ya cherehani, nikabana sauti: "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na usirudie."

Tangu siku hiyo nikawa naamkia mara mbili kila asubuhi, moja ya mdoli, moja ya kwangu, kwa sauti mbili tofauti. Ilikwenda hivyo kwa miaka. Lakini, na hapa ndipo ninapotaka unielewe, mtu huyo asiyemtofautisha binadamu na mdoli hakujikwaa hata siku moja. Mbele ya kibanda changu kuna kidaraja cha zege kimewekwa juu ya mtaro, chembamba, hakina ukingo. Alikivuka kila siku bila kukitazama. Kokoto zikimwagwa njiani jana yake, raba yake ilizigusa, ikasita, ikazizunguka. Macho yalikuwa yamesinzia, na wale wazee wawili waliobaki walikuwa wanaendesha kikao vizuri tu.

Kisha kaka yake akafariki. Tulivuka wengi kwenda kuzika Nakonde, na baada ya matanga, kama ilivyo desturi, vitu vya marehemu vikagawiwa ndugu. Koti kwa mpwa, redio kwa binamu, jembe kwa jirani aliyemlimia. Mjane hakuwa na mtoto. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe, akamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na miwani ya marehemu, ile yenye mstari katikati, juu ya kuonea mbali, chini ya kusomea.

"Shemeji, aliisomea Biblia mpaka siku ya mwisho," mjane alimwambia. "Itakuonyesha na wewe."

Mwalimu akaivaa palepale. Huyu huyu aliyekuwa hataki kusikia neno miwani! Nilimwona akigeuza kichwa huku na huku. Hakuwa anatafuta kuona, alikuwa anataka kuwa na kitu cha kaka yake usoni. Hakuna aliyewaza kwamba miwani si koti. Koti la marehemu likikupwaya unakunja mikono. Sisi tuligawa macho ya mtu tukaona tumemaliza ugawaji vizuri.

Kesho yake baada ya kurudi akaja kibandani kwangu. Miwani inamtelemka puani, kila hatua anaisukuma juu kwa kidole. "Wewe fundi, nifungie hii isitoke."

Nikachukua kipande cha lastiki nyeusi, imara, ya kiunoni, nikakishonea kwenye miguu ya miwani, nikamvalisha kichwani, nikavuta. "Hata ukikimbia haitoki," nilimwambia, na nikajisifu kwa wateja siku nzima. Sikuchukua malipo, nilisema ni shukrani ya mwanafunzi.

Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi, alikuwa anakwenda Nakonde kumjulia hali mjane. Alifika kwenye kidaraja. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, aliinamisha uso akakitazama. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani, naona wazi. Alisita, akanyanyua goti juu kama anapanda ngazi, akaupeleka mguu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akaingia mtaroni.

Nilikimbia mimi wa kwanza. Mkono wa kushoto umevunjika, mbavu zimechubuka, damu kwenye paji la uso. Miwani ilikuwa palepale usoni, haijasogea hata kidogo. Kazi yangu ilikuwa imara.

Hospitali wakamfunga plasta. Mwanawe mkubwa, wakala wa forodha hapa mpakani, mtu mwema anayependa mambo yaishe haraka, akamuuliza mbele yetu: "Baba, ilikuwaje?"

"Nilikuwa narukaruka," Mwalimu akasema. "Mazoezi."

Nikashangaa. Hakuruka. Alikuwa anatembea taratibu kama anakwenda kanisani. Nikafikiri kichwa kimegonga zege. Nikafungua mdomo niseme nilichokiona, nikaikumbuka lastiki, nikaufunga.

Basi mtaa mzima ukapata la kusema. Mchakamchaka! Mzee wa umri ule anarukaruka nini? Kibandani kwangu mteja mmoja alianza na jingine, kwa sauti ya chini: "Mbona limempata mara tu alipomzika kaka yake? Na alipewa nini kule?" Wenzake wakamkatiza, "Aka, achana na hayo, mwenyewe kasema ni mazoezi." Yakaishia hapo, na mimi nikaendelea kupinda upindo.

Familia ikakaa, ikaamua kumpenda. Ukitaka kumwangamiza mtu mwenye nguvu, mpende kwa namna ile. Raba zikafungiwa. Kikaja kiti kikubwa cha kuegemea, televisheni ikasogezwa, chakula kikaletwa mapajani, maji ya kunawa yakaletwa mapajani, hata Biblia ikaletwa mapajani. Mkwewe akaja kwangu kuniomba nishone mto wa kukalia, mnene, asiumie. Nikashona. Nikaujaza sufi mpaka ukapasuka, nikashona tena. Aibu ikikukaba unafanya kazi nzuri sana.

Miezi ikapita. Nilikwenda kumwona na mkate, nikakuta miguu ile, yaani ile miguu iliyotukimbiza shule nzima, imekuwa vijiti ndani ya suruali. Alianguka mara mbili humo humo sebuleni wakati wa kuinuka kitini. Kila alipoanguka, familia ilisema, "Mnaona? Angekuwa barabarani je?" na kumkalisha zaidi. Miwani aliivaa muda wote, na lastiki yangu.

"Dada, mto wako umempendeza, hataki hata kuondoka," mkwewe aliniambia.

"Hataki, au hawezi?"

"Aa, si ni yale yale."

Na Mwalimu kimya. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila kitu, kuanzia serikali mpaka namna ya kukoroga ugali, amekaa anatazama televisheni ambayo haioni. Neno moja tu aliniuliza nilipoaga: "Shemeji yangu hajambo kule?" Wafanyabiashara waliovuka walimletea salamu zake. Mwenyewe mjane hakuja. Nilimlaumu moyoni, nikamwona hana utu.

Ukafika wakati na mimi sindano zikanishinda. Uzi hauingii tunduni, natia mate, nafinya jicho, wapi! Nikaenda hospitali waliposema wataalamu wa macho wamekuja. Dada mmoja aliyenipima akaitazama miwani niliyokuwa nimenunua mnadani, akacheka mpaka akafuta machozi. Akanieleza kwamba miwani hupimwa kwa jicho la mwenyewe. Akasema hatari zaidi ni ile ya mstari: mzee asiyeizoea akitazama chini, anatazamia kwenye sehemu ya kusomea, na ardhi inamjia karibu au inamkimbia. Mwenye macho ya ukungu aliyezoea ukungu wake huweza kuwa salama kuliko huyo.

"Na akianguka," nikauliza, "akakalishwa kitini?"

"Hapo ndio mmemmalizia," alijibu, akiandika. "Miguu isiyotembea inasahau."

Sikungoja hata dawa. Nilitoka pale, nikapitiliza kibanda, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu. Ilikuwa saa tisa alasiri, mkwewe yuko sokoni. Nikabisha hodi, nikaingia.

Kiti kilikuwa kitupu. Mwalimu alikuwa nyuma yake, ameshika egemeo kwa vidole viwili, jasho linamtiririka, macho amefumba, mguu mmoja juu. Miwani ilikuwa juu ya televisheni.

"Funga mlango," akasema bila kufumbua macho. "Ishirini na nane. Ishirini na tisa." Akashusha mguu. "Nilianza na mbili. Kila wakitoka, nafanya."

Nikapiga magoti. Nikamwaga yote: kwamba nilimwona akitembea, hakuruka, ni miwani, na ni mimi niliyeifunga isitoke, na nikanyamaza, na mto nikashona. Nililia kwa sauti, sikujali.

Aliniacha nimalize. "Unadhani sijui?" akasema. "Nilijua nikiwa bado hewani. Jicho lenye ukungu nililizoea, tulikuwa tunaelewana. Lile la miwani lilinidanganya. Mzee wa baraza akisinzia si neno. Akisema uongo, kikao kimevunjika."

"Sasa kwa nini ukasema ulikuwa unaruka? Kwa nini ukakubali hiki kiti?"

Akajiketisha taratibu, akafuta jasho. "Wewe ni mtoto wa hapa. Nikisema miwani ya marehemu imeniangusha, Chapwa itasikia nini? Hawatasikia miwani. Watasikia marehemu. Na wakimaliza kumsikia marehemu watamtafuta aliye hai. Nani alinikabidhi, kwa mikono miwili, mbele ya watu?" Akaonyesha kule mpakani kwa kidevu. "Mwanamke hana mtoto, hana mume. Yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana haji. Nikaona bora wauseme mchakamchaka. Mchakamchaka hauna nyumba ya kuchomwa moto."

Nilikaa sakafuni nikamtazama. Miezi yote ile nilidhani tunanyamaza kitu kimoja, mimi na yeye. Nilikuwa nimenyamaza kujificha, na yeye alikuwa amekaa kwenye mto wangu akiilinda nyumba ya mtu.

"Na bado unaivaa," nikasema.

"Nikiivua wataniuliza kwa nini."

Nikafuta pua kwa khanga. "Mwalimu, mimi nina mume, nina ndugu mtaa mzima, na mdomo wangu unaujua. Mimi hawanichomei nyumba. Nitasema ni lastiki. Nitasema niliivuta vibaya, miwani ikakaa pabaya, na yule dada wa hospitali kasema hivyo."

"Watakucheka mpaka uzeeke."

"Nimeshaanza kuzeeka. Wacheke."

Hakunishukuru, hiyo si tabia yake. Aligonga sakafu kwa kisigino. "Simama. Inua mguu. Fumba macho."

Bingwa wa shule. Nilifika nne. Kwenye tano dunia ikapinda, nikatupa mikono, nikaangukia kwenye kile kiti karibu nimkalie. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Alhamisi ile. "Mto mzuri," akasema. "Umejishonea mwenyewe."

Jioni ile ile nikawaambia wanawe, kwa sauti ya kutosha majirani wasikie. Mkubwa wao alininunia wiki nzima, kisha akampeleka baba yake hospitali. Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji, raba zikafunguliwa. Mtaani nikapata jina, Mama Lastiki, na mpaka leo mteja akileta sketi lazima aniulize kama kiuno hakitamwangusha mtaroni. Na lile la kunong'ona halikurudi tena, maana watu wakishapata la kuchekea hawana haja ya jingine.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nafungua kibanda nikaona kaptura nyeupe inakuja. Taratibu kuliko zamani, na ule mkongojo wa mpingo uko kwapani, hautumiki. Alivuka kidaraja. Akasimama mbele ya mdoli, akautazama kwa jicho lake jipya kuanzia kilemba mpaka kwenye mti uliousimamisha, akauzunguka, akagonga kifua cha mdoli kwa kidole. Kikalia kama ndoo. Nikainama nyuma ya cherehani, sijui pa kuweka uso.

"Miaka yote ile," akasema, "ni nani aliyekuwa ananiamkia?"

Akaingia, akaweka mbele yangu kile kitambaa cheupe, miwani iko ndani.

"Fumua hiyo lastiki yako. Naenda kumrudishia shemeji. Nitamwambia nimeshaona."

Nikachukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja. Ilichukua muda. Yeye alinisubiri mlangoni, mguu mmoja juu, akitazama malori.